Uzio Kwanza, Ndipo Ukuta

Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:33-34

Ninyi wa Kilosa na Mikumi, shule zenu huongezwa vyumba huku watoto wangali wakisoma humo.

Twamshukuru Mungu kwa majengo hayo. Ada iliondolewa katika shule za msingi mwaka 2002, na katika sekondari za Serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016. Watoto wakawa wengi kuliko vyumba. Mwaka 2021 Serikali ilianza kujenga vyumba 15,000 nchini, vingi katika viwanja vya shule zilizokuwa zikifundisha. Ni neema. Lakini pamoja nayo huja mashimo, misumari, na lori lirudilo nyuma mahali pale wanapochezea watoto.

Neno la Mungu lasemaje? Mwisraeli aliyejenga nyumba mpya aliagizwa kuzungushia paa lake ukuta mdogo, mtu asianguke, damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Maana paa zao zilikuwa bapa, na watu walikaa juu yake. Tena aliyechimba shimo asilifunike, akatumbukia ng'ombe au punda wa jirani, alipaswa kulipa. Angalieni, Mungu hamwulizi mchimbaji kama alikusudia mabaya. Wala hamlaumu aliyeanguka. Mzigo ameuweka juu yake yeye ajengaye.

Ninyi wa Mikumi mwaijua sheria ya namna hii. Barabara kuu ipitayo katika hifadhi ina vibao vya kupunguza mwendo, na agongaye mnyama hutozwa faini. Twiga ana mlinzi. Je, mtoto wa darasa la kwanza asiwe naye? Na ninyi wa Kilosa, mlioyaona mafuriko ya Mto Mkondoa mwaka 2010, mwajua jinsi maji yanavyokuja upesi. Shimo la choo lililochimbwa wakati wa kiangazi, likaachwa kungoja fedha, masika hulifanya kisima cha mauti.

Wengine husema, "Watoto wamekwisha kuonywa." Mtoto husahau, ndiyo maana yu mtoto. Wengine husema, "Fedha haitoshi." Miti, kamba na siku moja ya kazi ya wazazi vyatosha kuanzia.

Basi, wazee na wajumbe wa kamati za shule, kabla ya jiwe la kwanza uwekwe uzio. Njia ya kuendea darasani iwe mbali na kazi. Lori liingie watoto wakiwa darasani, mtu akilitangulia kwa miguu. Kila jioni shimo lifunikwe. Mtoto asitumwe kubeba tofali chini ya jukwaa la mafundi. Luther alitufundisha katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ya kuwa amri ya tano haikomi katika kutokuua. Yatudai pia tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake.

Shule ilikuwapo kabla ya jengo hili jipya, nayo ni watoto wenyewe. Bwana atupe macho ya kuliona shimo kabla yao. Amin.