Mtani Naye Hushika Jembe

Kijana anayechapa fulana ameniandikia. Timu yake ilipowafunga watani wa jadi, aliichukua "Guernica" ya Picasso akaichezea. Farasi wa katikati alimvika skafu ya waliofungwa, taa ya juu akaigeuza mpira, na yule mama anayelia upande wa kushoto akampakatisha kipa badala ya mwanawe. Fulana zikaenda kama njugu. Kisha mjomba wake, mwalimu wa sanaa aliyestaafu, akaishika moja, akaigeuza ndani nje, akamrudishia bila kusema neno. Kijana anauliza: "Shikamoo. Nimekosa adabu, au mjomba kazeeka tu?"

Marahaba, mwanangu. Mjomba kazeeka, na adabu umekosa. Lakini nadhani sababu yangu si ya mjomba.

Walimu wa sanaa wengi huamini picha kubwa haiguswi. Picasso mwenyewe angecheka. Mwaka 1957 alijifungia na "Las Meninas" ya Velázquez, akatoka na mfululizo wa picha 58. Kabla ya hapo, mwaka 1951, alipotaka kulaani mauaji ya Korea, aliazima mpangilio wa Goya: wenye bunduki huku, wanaouawa kule. Wachoraji wameazimana tangu zamani, na mtu asikutishe kwa hilo.

Ila tazama ulichoazima. Jumatatu ya tarehe 26 Aprili 1937, siku ya gulio, ndege za Kijerumani na Kiitaliano zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania ziliupiga mabomu mji mdogo wa Wabaski uitwao Guernica. Picasso alikuwa Paris, habari alizipata magazetini. Alichora kwa nyeusi, nyeupe na kijivu, kwenye turubai la karibu mita 3.5 kwa 7.8, na ndege hakuchora hata moja. Alichora waliokuwa chini. Yule mama amerudisha kichwa nyuma, kinywa wazi, ulimi umechongoka kama msumari, na kichwa cha mtoto kinaning'inia mkononi mwake. Hapo ndipo ulipomweka kipa.

Utasema ni utani tu. Vizuri, tuuseme utani, maana sisi tunaujua kuliko wengi.

Nilipomzika kaka yangu, mtani wetu wa Kizaramo alifika amevaa koti la marehemu, sijui alilitoa wapi, akapita katikati ya waombolezaji akichechemea kama kaka alivyokuwa akichechemea. Akamdai marehemu deni la pombe. Kaburini akajitupa ndani, akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe. Shemeji yangu, ambaye tangu usiku hakuwa amefumbua mdomo, akacheka mpaka kanga ikamwanguka. Lakini mtani yule alikuwa ameshinda na jembe tangu alfajiri, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Mtu baki angelivaa lile koti, vijana wa pale wangemtoa mbio.

Wanawake wa Hamburg, kijiji cha Eastern Cape huko Afrika Kusini, waliichukua "Guernica" hiyo hiyo mwaka 2010 wakaitarizi upya, kubwa karibu sawa na ya Picasso, wakitumia mpaka mablanketi na nguo kuukuu. Vita vyao vilikuwa UKIMWI. Waliowatia katika kitambaa kile ni watu wa kwao, waliowauguza na kuwazika. Nani atawadai ruhusa? Na picha yenyewe ya Picasso ilipopelekwa jumba la sanaa la Whitechapel, London, mwaka 1939, watazamaji waliombwa waje na jozi ya buti zinazovalika, zipelekwe kwa wapiganaji wa Hispania waliompinga Franco. Hata kutazama kulikuwa na jembe lake.

Ukitaka ukosefu wa adabu uliokomaa, basi ni wa Februari 2003, Umoja wa Mataifa. Nje ya ukumbi wa Baraza la Usalama palitundikwa "Guernica" ya kufumwa, na siku Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wa wakati huo, alipokwenda kueleza hoja za kuishambulia Iraq, ilikuwa imefunikwa pazia la buluu. Fulana yako haijafika huko.

Lakini wewe ulishika jembe gani? Uliliona koti zuri, ukalivaa, ukaenda nalo sokoni. Na hapo mtaani hujui nani amekimbia nini. Anayeuza vitenge kibanda cha pili akiwa ametoka Goma, fulana ile ataisoma vingine kabisa, na atakununulia chai vilevile, wala hutajua.

Farasi ningeweza kumvumilia, ingawa naye anakufa. Taa kuwa mpira, haya. Mama yule ondoa. Ukishamwondoa utagundua picha imepoa, haichekeshi tena, kwa sababu nguvu yote ilikuwa kwenye kilio chake. Hivyo afadhali uiache. Watani wa jadi mnao, na wana vituko vya kutosha kujaza fulana za msimu mzima. Mchore kipa wao na mpira ukimpita katikati ya miguu. Yeye yu hai, na msimu ujao mashabiki wake watakurudishia.

Kwa mjomba nenda Ijumaa, na mkono usiwe mtupu. Msalimie, muombe radhi, halafu, akishatulia, mtajie Velázquez na zile picha 58. Atabisha. Mwache abishe, ana muda.

Unasema zimebaki fulana 12. Usizigawe bure, maana zitavaliwa. Pamba yake ni nzuri kufutia wino kwenye fremu.