Jino Bovu Siku ya Taabu

Neno la mwezi: Mithali 25, 19



Katika neno hili mwenye hekima ampima mtu asiyeaminika, amwona kuwa sawa na jino bovu na mguu ulioumia. Mguu huo ukiuegemea njiani utakuangusha. Jino hilo ukilitafunia litakulipa maumivu. Sisi wa Tabora mfano huu twaufahamu upesi, maana babu zetu walikuwa watu wa njia.

Zamani za misafara, Wanyamwezi walichukua pembe mabegani toka Unyanyembe, wakapita Ugogo na Mpwapwa, hata Bagamoyo. Twaziita pembe, lakini kwa kweli ni meno ya ndovu. Yalipimwa kwa frasila, na frasila moja ni yapata kilo 16. Yakahesabiwa, yakalindwa usiku kambini, kwa kuwa yalikuwa mali ya tajiri, naye angeuliza habari zake. Basi, ndugu zangu, ikiwa meno ya mnyama yalitunzwa hivyo kwa ajili ya tajiri wa dunia, je! meno tuliyopewa na Muumba wetu tumeyatunzaje? Mtume Paulo atufundisha ya kuwa miili hii si mali yetu. Imekwisha kulipiwa (1 Wakorintho 6, 19-20). Mwenyewe ataiuliza.

Ndovu huota magego mara 6 maishani mwake. Mwanadamu hupewa meno mara 2 tu: 20 ya utoto, kisha 32 ya utu uzima. Haya ya pili yakitoka, hayana ndugu wa kuyafuata. Hata tabibu hakuachiliwa. Stanley alipomkuta Dr. Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, aliona jinsi chakula kigumu cha Lunda kilivyoyaharibu meno yake. Mwaka 1872 wakaja wote wawili wakakaa Kwihara, karibu na mji wetu. Yeye aliyapoteza kwa dhiki ya safari. Sisi twayapoteza tumekaa nyumbani.

Wengine husema jino huliwa na funza. Sivyo. Kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikipata sukari, vyafanya asidi, nayo hula gamba la jino kidogo kidogo. Kila tunywapo chai ya sukari au soda, kazi hiyo yaanza upya. Na asali yetu nzuri nayo ina sukari. Na tumbaku tuilimayo huku kwetu huharibu fizi, tena yaweza kuleta saratani ya kinywa, ikiwa ni ya kuvuta au ugoro.

Tufanye mfano. Mzee wa kanisa aona tundu dogo katika gego lake. Asema, "Haliniumi." Baadaye lamwuma usiku, atia karafuu, lauma tena, kisha lanyamaza. Amshukuru Mungu, akidhani amepona. Kumbe limenyamaza kwa kuwa limekufa ndani! Baadaye shavu lavimba, homa yampanda, kumeza hawezi. Naye achukuliwa hospitali usiku, roho mkononi. Je, jino ndilo lililokosa uaminifu? La, yeye alitangulia. Alilitumia kila siku, wala hakulitunza hata siku moja.

Ndugu, dhambi nayo ni hivyo hivyo. Mwanzo dhamiri huuma. Tusipoisikiliza huuma tena, kisha hunyamaza, nasi twadhani tuna amani. Kunyamaza si kupona.

Basi imetupasa kufanya nini? Tusafishe meno mara 2 kila siku, na mara moja iwe usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Asiye na mswaki wa dukani atumie wa mti, autafune uwe laini, ausugue kila jino taratibu, ndani na nje. Fizi zikivuja damu, tusiache kusafisha, bali tuzidi kwa upole. Tusitie jinoni mafuta ya taa wala maji ya betri. Kidonda cha kinywa kisichopona katika majuma 2 kionyeshwe kwa mganga wa hospitali. Shavu likivimba pamoja na homa, twende siku ile ile.

Nanyi wainjilisti na waalimu, mnaosikilizwa vijijini, mwakumbuke watoto wachanga. Tangu miaka ya 1980 imesemwa katika Tanzania ya kuwa mtoto mwenye homa na kuhara ana "meno ya plastiki", na wengine wamechimba fizi zake kuyatoa. Uvimbe ule ni jino lake la haki, lisilotoka bado. Mtoto aweza kutokwa na damu nyingi, hata kufa, na ugonjwa wake wa kweli umeachwa bila dawa. Waambieni wazazi kwa upole, bila kuwaaibisha, kwa maana walitafuta kumwokoa mtoto wao.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 ya kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Kwa hiyo mwenye jino bovu asifiche uso wake kwa haya, wala asidhani amerogwa.

Bwana wetu afundisha ya kuwa uaminifu hujulikana katika jambo dogo (Luka 16, 10). Jino ni dogo. Tulitunze leo, siku ya taabu isije ikatukuta tukiegemea kitu tulichokwisha kukiacha kioze.

Mungu atusaidie. Amina.