Sanamu Kati ya Miti

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja wa pwani aliyehamia Nunguni, katika vilima vya Kilungu, kwa ajili ya biashara. Mwanawe asomaye shule amechora kwa rangi sanamu la marumaru la Wayunani wa kale, limesimama kati ya miti. Rangi zimepakwa kwa nguvu, hata jiwe laonekana kama lataka kutembea. Jamaa mmoja akaamuru picha ichomwe. Kijana akaudhika, na tangu siku hiyo hafuatani na babake msikitini. Baba auliza: haki ni ipi?

Hatusemi kwamba jambo hili ni jepesi. Wanazuoni wengi wameharimisha kuchora chenye roho, na kuchonga sanamu lake ni kuzito zaidi. Imepokewa kwamba Ibn Abbas alijiwa na mtu ambaye chumo lake lilikuwa kuchora. Akamwonya, kisha akamruhusu miti na kila kisicho na roho. Kuta za Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 8, zimepambwa kwa miti, mito na majumba, bila ya mtu wala mnyama. Lakini Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, baada ya kuzuru Sicily mwaka 1903, aliandika katika Al-Manar kwamba picha za elimu na ukumbusho, pasipo hofu ya kuabudiwa, si za kuharimishwa.

Haya, tuitazame picha ya kijana. Amechora miti, nayo ni halali. Amechora jiwe, nalo halina roho. Lakini jiwe lina umbo la mtu, na mkono wake umelitia mfano wa uhai. Je, amechora jiwe au amechora mtu? Atakaye kuhukumu kwa jicho peke yake atakwama hapa. Hana budi kuuliza sababu ya makatazo, nayo ni mbili: kiumbe asijifananishe na Muumba, na moyo usimwinamie asiyestahiki.

Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha. Mtume (S.A.W.) akachukizwa nalo, likashushwa, na nguo ile ile ikafanywa mito ya kuegemea. Haikuchomwa, iliondolewa mahali pa utukufu. Basi twamnasihi baba asiitundike picha ile ukutani wala pale wanaposalia, wala asimvunje moyo mwanawe kwa moto. Na akae naye, amfahamishe sababu, kwani kijana aliyenyamazishwa bila ya hoja huacha picha leo na kesho huacha na dini.

Lililobaki latuhusu sisi sote. Nani katika sisi alisujudiaye sanamu la Wayunani? Hata vinyago vya Ukambani, kazi iliyoenezwa na Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya Vita vya 1914–1918, huchongwa kwa ajili ya riziki na kuuzwa kwa wageni. Lakini miti, ambayo hakuna aikatazaye kuchorwa, tumeifanyaje? Tazameni mibuyu yetu ya pwani: mmoja umefungwa vitambaa, mwengine umefukiziwa ubani, mwengine umewekewa chakula na mama atakaye mtoto. Walipokuwa njiani kwenda Hunayn, baadhi ya waliosilimu karibuni walimwomba Mtume awawekee mti wa kutundikia silaha kama ule wa mushrikina, uitwao Dhat Anwat. Aliwakemea kwa ukali, na hapakuwa na sanamu hapo. Palikuwa na mti tu.

Basi shirki haina umbo lake maalumu. Yaweza kuwa katika jiwe, yaweza kuwa katika mti, na chanzo chake ni moyo. Aliye na kiberiti mkononi kwa ajili ya picha ya mtoto, kwanza akafungue vitambaa mbuyuni.

Wallahu aalam.