Uzazi Uliofunika Vifo

Rafiki yangu anayeishi Florida, nchini Marekani, ameniruhusu nisimulie yaliyompata. Ameomba nisimtaje jina, ila nisifiche kitu, kwa kuwa anajua wapo wengine wanaotamani kufuga samaki aliokuwa akiwafuga yeye. Alikuwa mtu makini, na makini yake haikumwokoa. Ndiyo maana kisa hiki kinanigusa: sioni kwa nini kisingenipata mimi au wewe.

Samaki wenyewe ni farasi-bahari kibete, Hippocampus zosterae kwa jina la kitaalamu. Kwao ni Ghuba ya Meksiko, Florida, Bahama na Kuba, kwenye maji ya kina kifupi yaliyojaa majani bahari. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina farasi-bahari wake, lakini huyu hayupo. Aliyekomaa ana urefu wa kama sentimita 2.5 tu. Huzungusha mkia wake kwenye jani na kutulia hapo, kwa kuwa kuogelea hakuwezi vizuri. Mwendo wake unakadiriwa kuwa mita 1.5 kwa saa, na hutajwa kuwa samaki wa polepole kuliko wote. Hafukuzi chakula. Hungoja mdudu apite karibu na mdomo wake, kisha humfyonza kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Tena hana tumbo la kuhifadhia alichokula, hivyo inambidi ale mara kwa mara mchana kutwa.

Kwa anayetaka kuona samaki wakizaana nyumbani, kibete huyu anavutia sana. Jike hutia mayai katika mfuko ulio tumboni mwa dume, na dume huyabeba kwa siku 10 hadi 12 hivi. Watoto huzaliwa wakiwa na umbo kamili, wenye urefu usiofika sentimita moja, na tangu saa ya kwanza hushika jani na kula wenyewe. Hawahitaji kutengwa na wazazi wao. Dume akishajifungua, huweza kupokea mayai mengine ndani ya siku moja, kwa hiyo katika msimu mzuri anaweza kuzaa mara mbili kwa mwezi.

Uzazi huo wa haraka ndio uliomficha rafiki yangu yaliyokuwa yakitendeka.

Alianza vizuri kabisa. Alichagua tangi dogo la lita kama 30, jambo lililo sahihi kwa samaki hawa, kwa sababu katika tangi kubwa chakula hutawanyika wakakikosa. Aliweka kichujio cha sponji kinachovuta maji taratibu. Alisubiri wiki kadhaa bakteria waote, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, kabla ya kuingiza samaki hata mmoja. Alinunua waliozalishwa na wafugaji, si waliovuliwa baharini. Farasi-bahari wote wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Masharti hayo yalianza kutumika kwao mwaka 2004, na yeye aliyaheshimu.

Chakula alichowapa kilikuwa artemia, vijidudu vya jamii ya kamba ambavyo mayai yake makavu huuzwa kwenye makopo. Unayamwaga katika maji ya chumvi, unapuliza hewa kwa pampu, na baada ya saa 24 hivi yameanguliwa. Kila mfugaji wa vibete hutegemea artemia. Lakini kwa mlango huohuo huweza kuingia haidroidi.

Haidroidi ni jamaa wa yavuyavu na matumbawe. Huweza kuja na maganda ya mayai ya artemia, na mawe ya baharini, au na mwani uliotoka tangi jingine. Hujishika kwenye kioo na kukua kama nyuzi nyeupe, kila uzi ukiwa na minyiri yenye sumu. Kwa samaki mkubwa ni kero ndogo. Kwa farasi-bahari wa milimita 8, anayekunja mkia wake popote anapoweza kushika, ni kifo. Na haidroidi hula artemia kama wanavyokula samaki, kwa hiyo kila unapolisha samaki wako unamlisha na adui yao.

Sasa tazama dalili zilivyokuja, moja baada ya nyingine.

Kwanza ulikuja ukungu mweupe kwenye kona ya kioo, karibu na sponji. Aliuona. Alidhani ni dalili ya tangi lenye uhai, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba tangi lililokomaa huota vitu vingi vidogo. Kwa kweli huota, na vingi havina madhara, ndiyo maana kosa hili ni rahisi. Lakini hakuchukua kioo cha kukuzia kutazama ni kitu gani.

Kisha chakula kikaanza kuisha upesi. Wingu la artemia lililokuwa likielea asubuhi nzima sasa lilitoweka kabla ya saa sita. Alifurahi. Aliona samaki wana hamu ya kula, akaongeza kipimo. Nikisikiliza kisa hiki, hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana dalili ilikuja ikiwa imevaa sura ya habari njema, na ni nani kati yetu huichunguza habari njema?

Binti yake mdogo ndiye aliyesema wazi. Yeye alipenda kuwahesabu watoto wa samaki kila atokapo shule. Siku moja alimwambia, “Baba, juzi walikuwa wengi, leo siwaoni.” Baba alimjibu kwamba wamejificha ndani ya mwani. Jibu hilo lilikuwa na mantiki, kwa kuwa watoto wa kibete hujificha kweli. Siku chache baadaye dume mwingine akazaa, tangi likajaa tena, na swali la mtoto likasahaulika.

Mambo yakaendelea hivyo kwa muda. Wanazaliwa, wanapungua, wanazaliwa tena. Ni kama mtu anayemimina mahindi ghalani kila msimu bila kutazama kama panya wameshatoboa sakafu. Rafiki yangu alihesabu waliozaliwa. Hakuhesabu waliokuwa hai baada ya wiki.

Dalili ya mwisho ilitoka kwa wakubwa. Wakaacha kushika mwani, wakahamia juu kabisa, kwenye mrija wa hewa. Mmoja alikuwa na doa jeupe mkiani. Mwingine alielekeza mdomo kwa artemia bila kufyonza. Hapo ndipo alipomulika tochi usiku, akaona nyuzi zimefunika sponji, na katikati ya maji vitu vidogo vya mviringo vikidundadunda, yaani haidroidi katika hatua yao ya kuogelea. Alichanganyikiwa, akakwangua kioo kwa nguvu samaki wakiwa ndani. Ukikwangua hivyo, vipande hutawanyika, na kila kipande huweza kuota upya. Ndani ya wiki hiyo alipoteza karibu wote.

Ndugu msomaji, usiogope kufuga kwa sababu ya kisa hiki, ila anza na tahadhari. Yatumie mayai ya artemia yaliyoondolewa maganda, na walioanguliwa wasuuze kwa maji safi ya chumvi kabla ya kuwamimina tangini. Mwani na mawe viweke kando kwanza, pasipo samaki. Wafugaji wengi hutumia fenbendazole, dawa ya minyoo ya wanyama, kusafisha tangi lenye haidroidi. Samaki huistahimili, lakini huua pia minyoo iliyomo tangini na huweza kuua konokono, tena hubaki ndani ya mawe kwa muda mrefu. Uliza mwenye uzoefu kabla ya kuipima. Baada ya dawa badilisha maji, kwa sababu haidroidi wanaokufa huoza, na tangi la lita 30 halihitaji uozo mwingi ili amonia ipande.

Tafadhali, zaidi ya yote, weka daftari karibu na tangi. Rafiki yangu ameanza upya sasa, na daftari lake lina safu mbili: waliozaliwa, na waliobaki hai siku ya saba. Binti yake ndiye anayeijaza safu ya pili. Safu hiyo ikishuka kwa uzazi mmoja tu, kazi ya kwanza ni kioo cha kukuzia na tochi, na artemia hawaongezwi hata kidogo mpaka sababu ijulikane.