Tarakimu Moja Tu

Mwaka juzi nilitaka kuomba ufadhili wa masomo. Fomu iliwahitaji waliozaliwa kuanzia mwaka 1999. Mimi nilizaliwa 1998. Mjomba aliisoma akacheka. "Mwanangu, hiyo ni tarakimu moja tu. Ukishamaliza masomo utarekebisha."

Siku zile nilikuwa nikihangaika na fumbo moja la hesabu. Unapewa namba tasa mbili, 1033 na 8179. Utoke ya kwanza ufike ya pili kwa kubadilisha tarakimu moja kila hatua, na kila unapokanyaga pawe namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Tarakimu zote nne zinatofautiana, basi nikadhani hatua nne zitatosha. Hazitoshi. 8033 ni 29 mara 277. 1133 ni 11 mara 103. 1073 ni 29 mara 37. 1039 inakubali, kisha 8039, halafu njia inaziba: 8139 na 8079 zote zinagawanyika kwa tatu. Njia fupi kabisa ina hatua sita: 1733, 3733, 3739, 3779, 8779, 8179. Sifuri inageuka saba kwanza. Mwisho kabisa ndipo inakuwa moja.

Mjomba alitaka nikanyage 8033 kwa kuwa niendako ni kwema. Lakini hapo katikati ningeishi miaka mitatu, nikiitikia umri usio wangu kila ninaposajiliwa.

Hata hivyo, fumbo hilo linampa mjomba hoja asizozijua. Kwanza, 1999 ndiyo namba tasa, 1998 siyo! Namba hazijui ukweli wangu. Pili, ipo 294001, ndogo kuliko zote za aina yake: badilisha tarakimu yake yoyote, hupati namba tasa. Mwaka 1979 Paul Erdős alithibitisha kuwa namba za namna hiyo hazina mwisho. Na watu wa hivyo wapo. Mtoto wa mkimbizi aliyeandikiwa mwaka usio wake, akisema kweli leo, karatasi zake zote zinamkana. Huyo nimwambie apite njia gani safi? Sina jibu, wala simhukumu.

Mimi lakini sikuwa 294001. Niliiacha fomu ile. Asubuhi nauza dukani, jioni naingia darasani, na nitamaliza nikiwa nimechelewa miaka miwili. Mjomba bado ananiita mjinga. Nusu ya karo ya muhula huu ameitoa yeye.