Kumchagulia Mzee Bima ya Dawa

Hapa Marekani, kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, wazee walio kwenye Medicare huchagua bima ya dawa ya mwaka unaofuata. Mama mkubwa alinipa orodha ya dawa zake tano. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Nichagulie."

Ada ndogo ya kila mwezi huvutia, lakini huenda dawa moja haimo kwenye orodha ya bima hiyo. Kwa hiyo nikajumlisha gharama za mwaka mzima: ada, kiasi anachotanguliza kulipa, na mchango wake kwa kila dawa. Hesabu ilikubali. Lakini nani ajuaye Machi ataugua nini? Tunamtaka mzee abashiri maradhi yake, na akibashiri vibaya tunasema alichagua mwenyewe.

Mwaka 2025 sheria iliweka kikomo: kwa dawa zilizo kwenye orodha ya bima yake, mgonjwa asitoe mfukoni zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka huo. Kwangu, kikomo hicho kina haki kuliko wingi wa bima za kuchagua. Hakimuulizi mgonjwa kama alibashiri vizuri.