Je, Mji Huchaguliwa kwa Macho?

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii humtazama mgeni kwa macho ya mwenyeji. Mimi nataka kuitazama kutoka upande wa pili: mgeni anayefikiria kulishika hilo jembe, ana haki gani ya kuzunguka kwanza akilikagua shamba?

Swali hili lilinijia Desemba iliyopita. Mwakani namaliza masomo ya ualimu, na kodi ya nyumba hapa Kigali haishikiki. Nikapanda basi Nyabugogo, nikazunguka kusini siku tatu, Nyanza, Huye na Nyamagabe, nione ni wapi ningeweza kuishi na kufundisha Kiswahili.

Nyanza ilinipendeza mara moja. Pale Rukari kuna ikulu ya msonge ya kuezekwa kwa nyasi, iliyojengwa upya kama ilivyokuwa zamani, nyumba ya kisasa ya Mwami Mutara III Rudahigwa, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu ajabu. Nikasema moyoni, nitahamia hapa. Kwa sababu ya ng'ombe! Kesho yake nilikuwa Huye, mji ambao Wabelgiji waliuita Astrida na wazazi wetu bado wanauita Butare. Nikaona makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1989, miti, wanafunzi kila kona. Moyo ukahama tena.

Jioni hiyo niliomba kuona chumba cha kupanga. "Mwiriwe, mubyeyi," nikamsalimu mama mwenye nyumba. Aliniacha nisifie mandhari weee, kisha akauliza, "Mwanangu, umekuja kutembea au kukaa?" Nikasema yote mawili. Akacheka. "Anayekuja kukaa huuliza maji hutoka siku gani."

Sikuwa nimeuliza.

Mtu ataniambia kwamba hakuna anayetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo kutazama kabla ya kuhama ni busara tu. Nakubali. Lakini mtalii huuliza mji utampa nini, na nikiwa mwalimu nitakuwa sehemu ya kile ambacho mji unawapa watoto wake. Kwa siku mbili sikujiuliza hata mara moja kama shule za huko zinamhitaji mwalimu kama mimi.

Siku ya tatu ilikuwa ngumu zaidi. Karibu na Nyamagabe kuna kilima cha Murambi. Palikuwa panajengwa shule ya ufundi. Aprili 1994 makumi ya maelfu ya watu waliokimbilia hapo waliuawa. Tangu mwaka 2023 kumbukumbu hiyo imo katika urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na Nyamata, Gisozi na Bisesero. Mimi nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi yangu kati ya "soko" na "basi la kurudi". Nilipotoka mle ndani niliichana ile karatasi.

Rafiki yangu tunayekaa naye bweni moja alisema yeye asingeweza kuishi karibu na mahali kama pale. Nilimwelewa, ila hoja yake siikubali. Gisozi iko hapa hapa Kigali, wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na hatujawahi kusema Kigali hapakaliki. Tunapita, tunakwenda sokoni, Aprili tunanyamaza. Wakazi wa Nyamagabe nao wanalima, wanasomesha, wanaoa. Tukiwakimbia kwa sababu ya kilima chao, tunawaachia peke yao mzigo ambao ni wetu sote.

Je, basi nihamie huko kwa ajili hiyo? Hapo ndipo ninapokwama. Kumhurumia mtu hadi ukahamia jirani yake ni namna nyingine ya kumfanya kitu cha kutazamwa, na nadhani mtoto wa darasani angeigundua huruma hiyo kabla ya wiki kwisha. Kwa maoni yangu, sababu inayostahili lazima iwe ndogo kuliko hiyo: kuna kazi, ninaiweza, na watu wenyewe wamenikubali. Hiyo haionekani kutoka dirishani mwa basi.

Agosti nitarudi Nyamagabe kwa wiki mbili. Nimeomba kusaidia katika shule moja ya sekondari, bila malipo. Jambo la kwanza nililouliza kwenye simu ni siku za maji. Ni Jumanne na Ijumaa.